Wima wa Kuazima

Siku hizi hakuna anayeshindana ziwani kwa wima wake peke yake. Anayepiga kasia akiwa amesimama juu ya ubao huazima wima wa mtu wa nyumbani kwake, na mbio zikianza, huyo wa nyumbani hulala chini mpaka ziishe.

Mbio zilipokuwa za mara moja kwa mwaka, Kamugisha alivumilia kumpa mkewe wima wake. Matajiri wakaingia, zikawa za kila wiki. Kovu la pajini ni la siku aliyojaribu kwenda msalani mbio zikiendelea, akaanguka.

Leo akajilaza mkekani mbele ya televisheni. Kando yake mwanawe Mwesiga, aliyeanza kusimama dede juzi tu, alikuwa ameshika kiti. Filimbi ikalia. Koku, mkewe, akachomoka na ubao wake. Nyumba haikuzunguka kama siku zote. Kamugisha akainuka, akapiga hatua. Imara!

"Mama Mwesiga!" akaipigia televisheni kelele, akicheka. "Wameniachia!"

"Mtazameni Koku!" mtangazaji alikuwa akisema. "Timu yake imempa wima mpya, mbichi kabisa!"

Nyuma ya Kamugisha kitu kikaanguka pu.

Kamugisha akamwinua mtoto, akamsimamisha. Miguu ikalegea. Akamsimamisha tena. Kule ziwani, mama yake hakuyumba hata kidogo.