Chewa Aliyezoeshwa

Siku ya sita Shee alirudi na ndoo tupu, na Mwanaesha akabandika maharage bila kumtazama. Sheria ilikuwa wazi: kila chewa mkubwa alivishwa kifaa cha kumfuatilia, na popote alipotulia, ilikuwa marufuku kuvua mpaka aondoke. Huyu mmoja haondoki. Shee alimzoesha chambo, sasa anaifuata mashua yake kila iendako.

“Nilikwambia usimlishe, baba watoto.”

“Nilimwonea huruma. Alikuwa peke yake.”

“Na sisi huku nyumbani tuko wangapi?”

Baada ya sala ya alasiri, Mwanaesha alimwomba Mungu amwondoe yule samaki kwa heri, kabla yeye hajamwondoa kwa kisu. Alipokuwa anakunja mswala, simu ya Shee ikatangaza kwamba chewa amehama. Shee akaruka kuchukua mishipi ya kuvulia.

Mwanaesha akachungulia dirishani. Chini ya nyumba yao ya nguzo, majini, kivuli kipana kilikuwa kimetulia, kinywa wazi.

“Eneo jipya limefungwa,” simu ikaendelea. “Wakazi wa nyumba hii wasitoe chombo mpaka atakapoondoka.”

Akageuka. Shee alikuwa ameshaacha mishipi, ameshika kopo la chambo.