Hodi kwa Kobe

Buku na Nungunungu walikuwa majirani, na kati ya mashimo yao palikuwa na uwazi usio na mtu. Siku moja akaja Kobe, aliyefukuzwa kwao na moto wa msituni.

"Wenzangu, naomba nikae hapa katikati. Nyumba nimekuja nayo, sitawachimbia wala kuwasumbua."

Buku, mwenye majivuno, akacheka. "Huku kwetu nyumba huchimbwa! Hilo gamba lako nani atalipigia hodi?"

"Mwache alale leo tu," Nungunungu akasema. "Kesho ataondoka."

Jioni ikanyesha mvua kubwa. Maji yaliyozoea kupita kwenye ule uwazi na kuingia mashimoni yakamkuta Kobe amejibana pale pale, yakageukia bondeni. Watoto wa Buku wakalala pakavu, jambo ambalo hawajapata kulijua masika yoyote.

Kulipokucha, Kobe alijua ni saa ya kuondoka, lakini hakuwa na moyo hata wa kutoa kichwa. Ndipo akasikia gamba lake likigongwa taratibu.

"Hodi, jirani," alisema Buku, sauti imemshuka.

Kobe akachungulia, machozi yakimlengalenga.

"Karibu ndani," akajibu, ingawa ndani palimtosha yeye peke yake.