Salamu za Jumapili

Jumapili, saa nne asubuhi, Gervasi alimsalimia mama yake. Gervasi mwenyewe alikuwa na miezi kumi na minne kaburini.

"Shikamoo mama. Huku baridi kali, ila kazi ipo. Usiwe na wasiwasi."

Kastori, rafiki yake, alibonyeza kitufe dukani kwake, na ujumbe ukaruka kutoka Magarama, Gitega, ukatua kwa mama, Muyinga, kabla hajainua kidole. Kisha akanywa chai yake. Ilikuwa imepoa tangu saa moja, wala hakugundua.

Sauti hiyo ilitoka kwenye kompyuta isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, mtumba uliotupwa na ofisi fulani. Usiidharau. Kastori alikuwa ameibebesha kompyuta nyingine tatu za kufikirika, zisizo na bati wala skrubu, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Ya kwanza ilitunza alama za wanafunzi wa Mushasha. Ya pili, orodha ya dawa za duka moja la Mutaho. Ya tatu ilijifanya simu, na ndani ya simu hiyo Gervasi alikuwa hai.

Kastori na Gervasi walikulia kambi moja ya wakimbizi kule Kigoma, wakarudi Burundi kwa basi moja iliposemwa amani imefika. Mama Anisia, mama yake Gervasi, aliwalisha wote wawili sahani moja. Baadaye Gervasi alikwenda Zambia kutafuta maisha, akamwachia Kastori laini yake ya Burundi. Huko akawa anamtumia rafiki yake maneno ya sauti, dakika kumi kumi, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Kastori, mtu asiyetupa kitu, aliyahifadhi yote kwenye diski. Siku dereva wa lori alipopiga simu kusema wamemzika Gervasi kando ya barabara ya Mpika, diski ilikuwa imejaa.

Daktari alikwisha kuonya: moyo wa mama usipewe habari nzito. Basi Kastori akakata, akaunga. Neno la mwezi wa tatu, kicheko cha mwezi wa nane. Ile "shikamoo mama" aliichomoa kwenye mzaha, Gervasi akimwiga mtoto mmoja wa kambini.

Hakulia. Aliyangoja machozi wiki ya kwanza, akayangoja ya pili, kisha akaacha, kama mtu anavyoacha kungoja umeme.

Bulonza, Mkongomani muuza vitenge wa mlango wa pili, alichungulia. "Weye Kasto! Kila dimanche, siku ya kanisa, we iko unaongea na hii kisanduku. Utaioa lini, tukule ngombe?"

"Kikikubali posa."

"Na hiyo sura? Hata kisanduku itakataa!"

Kastori alicheka kwa meno tu.

Jibu la mama liliingia saa sita, kama kawaida. "Mwanangu, umekula? Jifunike vizuri." Mama mwenyewe, na kikohozi chake. Zamani alikuwa mgumu: alitaka kupigiwa, asikie mtu anamjibu hapo hapo, na Kastori alikuwa akiutungia uongo mtandao wa Zambia mpaka jasho linamtoka. Tangu mvua za mwaka jana aliacha kudai. Wala hakuuliza tena mwanawe atarudi lini. Kastori alimshukuru Mungu. Mara mbili mama alisimulia habari ya mbuzi yule yule aliyekula sabuni. Uzee huo, Kastori alijisemea.

Shida ilikuwa diski. Vipande vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki ni Gervasi akiwatukana madereva, na Gervasi akipiga chafya. Jumapili ijayo mama angengoja salamu, na salamu hakuna.

Jumatano akafunga duka, akapanda basi dogo linalopitia Karuzi. Njia nzima alipanga maneno. Mama, keti kwanza. Mama, mimi ndiye niliyekudanganya. Angemwambia uso kwa uso, na kama moyo wa mama ungesimama, basi yeye ndiye angekuwa ameusimamisha. Aliliwaza hilo kama anayewaza foleni ya maji.

Muyinga alikuta mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Kabla hajapiga hodi, alisikia sauti ya mama ndani.

"Mwanangu, umekula?"

Kwa mara ya kwanza tangu simu ya yule dereva, machozi yalimlengalenga. Aliyafuta kwa mkono wa shati.

"Hodi. Ni Kastori. Nimekuja kuongea na mama."

Kiti kikaburutwa, na Jovina, mdogo wake Gervasi, akatokeza kichwa penye pazia.

"Kaka Kastori! Ndiyo nini kuja bila kusema?"

"Mama yupo?"

Jovina alimtazama usoni, kama anayesoma barua.

"Ingia, kaka."

Ndani hamkuwa na mtu. Kitanda kilitandikwa, shuka halina hata mkunjo mmoja. Mezani, kisanduku cheusi, kidogo kuliko hata cha kwake, kilikuwa kimewasha taa ya kijani. Jovina alinyoosha mkono, akagusa kitufe.

"Mwanangu, umekula?" kisanduku kilisema, kikakohoa.

"Hiyo ni ya Jumapili ijayo," alisema Jovina. "Mama tulimzika mvua za mwaka jana. Kaka, nakupigia magoti, usimwambie Gervasi. Yuko mbali kule, hana hata mtu wa kumshika mkono."

Kastori alijikuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Hatajua," alisema.