Mwenye Akaunti

"Rudia," jaji alisema. "Sema amekufa."

Daryuti alikuwa amesema "hajarudi," na karani alikuwa amesimamisha kalamu. Msahafu wa kiapo ulishikwa juu ya kichwa chake. Alihisi kivuli chake usoni.

Kwa miaka saba hakuwahi kulitamka neno hilo. Jirani aliyelitamka mbele yake hakukaribishwa tena. Leo alikuwa amekuja mahakamani kwa miguu yake mwenyewe ili mumewe aandikwe maiti kwa mhuri.

Yote yalianza na mayai. Mumewe, Kasmuri, aliwahi kufungua tovuti ya kuuza mayai ya bata ya chumvi, akaisajili kwa jina lake. Biashara haikushika. Akaenda kuvua ngisi kwenye meli za kigeni kama wanaume wengi wa mji wao wa Tegal, akapiga simu mara nne, kisha kimya. Wakala aliyempeleka melini alisema jina lake halimo kwenye orodha ya waliorudi. Zaidi ya hapo hakujua.

Daryuti alikuwa na nywila. Aliyafuta mayai, akaweka picha ya mumewe na maneno mawili: Nani amemwona? Mama mmoja wa Pemalang, mji jirani, akaomba mwanawe naye awekwe. Kufikia mwaka wa saba walikuwa wanaume sitini na mmoja, na chini ya kila mmoja barua za nyumbani, majina ya meli, majina ya mawakala. Mabaharia waliiandika anwani ile ya duka la mayai kwenye kuta za vyoo vya bandarini. Wawili walipatikana hai kwa njia hiyo, mmoja hospitalini, mwingine gerezani.

Kisha asubuhi moja ukurasa ukawa mweupe.

Lumbung Data, kampuni ya Jakarta iliyoihifadhi tovuti hiyo, ilimjibu kwa mistari miwili. Imefungwa kwa ombi la mwenye haki. Yaliyomo yatafutwa baada ya siku tisini. Mwenye haki ni nani? Hawaruhusiwi kusema. Daryuti hakuhitaji kuambiwa. Mawakala wa meli walikuwa wakimtisha kwa simu tangu zamani, na mmoja wao aliapa kuwa atamziba mdomo kwa sheria.

Akafungua kesi. Listyorini, wakili wa kituo cha msaada wa sheria, alimsimamia bure. Kampuni haikubishana sana. Ilisema tu kwamba huyu mama si mteja wao. Mteja ni Kasmuri, kwa hiyo aje Kasmuri.

"Si nimewaambia amepotea?" Daryuti alimuuliza wakili wake.

"Aliyepotea harithiwi, dada yangu. Aliyekufa anarithiwa. Ukiwapelekea hati ya kifo, akaunti inakuwa yako na wanalazimika kukufungulia faili lote, pamoja na jina la aliyelalamika. Bila hati unabisha hodi ukutani."

Daryuti aliliwaza jambo hilo siku kumi na moja, huku siku za kampuni zikipungua. Barua za wale wanaume wengine hakuwa nazo popote pengine. Mama wa Pemalang alikuwa akimpigia kila Ijumaa kuuliza kama picha ya mwanawe imerudi. Ili aendelee kumtafuta mumewe, ilibidi kwanza amzike.

Mahakama ilitaka mashahidi wawili. Mjomba wa Kasmuri alikubali bila maneno mengi. Wa pili, Daryuti alimwendea mama mkwe, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na ambaye miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kudai mwanawe asomewe hitima. Daryuti alimpenda kwa hilo.

"Usinitie kwenye kiapo, mwanangu," mama mkwe alisema, macho kwenye ungo wa mchele. "Niombe lingine lolote."

"Mama, hata mimi siamini kama amekufa. Ni karatasi tu."

"Basi iache hiyo tovuti. Umetafuta, inatosha. Bado kijana wewe, wala hukuachiwa mtoto. Olewa."

Daryuti hakumlaumu. Mama gani angeapa hivyo juu ya mtoto wake? Akamwomba jirani.

Ndiyo maana sasa alikuwa amesimama chini ya msahafu, na karani anamsubiri.

"Amekufa," alisema.

Karani akaandika. Jaji akagonga mhuri, akamkumbusha kwa upole kwamba eda yake inaanza siku hiyo.

Siku ya tano ya eda, kwa ruhusa ya jaji, alipanda treni ya asubuhi kwenda Jakarta na Listyorini. Zilibaki siku sita. Wakili wa kampuni, Hendrawan, alikuwa kijana mtaratibu. Aliisoma hati ya kifo mbele na nyuma, akaikagua mihuri, akairudia tena tarehe. Kisha akamtazama Daryuti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hatuna pingamizi, mama," alisema. "Kwa hati hii wewe ndiye mwenye akaunti. Kila kilichomo tunakukabidhi leo."

Akalitoa ombi la kufunga tovuti kwenye bahasha, akalisukuma mezani taratibu. Listyorini alishika kalamu tayari kunakili jina la wakala.

Daryuti alitafuta mhuri wa ofisi ya wakala, hakuuona. Palikuwa na picha ya mwanamume aliyenenepa kidogo, ameshika kitambulisho chake chini ya kidevu kama kampuni inavyotaka, na tarehe ya miezi mitatu iliyopita, na anwani ya Bitung, bandari ya mbali mashariki mwa Indonesia. Chini yake, penye nafasi ya kueleza sababu, Kasmuri alikuwa ameandika kwa mkono: "Mwanangu wa kwanza ameanza shule. Sasa anajua kusoma jina langu."