Kiapo cha Vijiji Tisa

Ulimi ulimkauka Kaingu katikati ya hotuba. Si kwamba alisahau maneno. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyatunga miaka miwili nyuma, siku vijiji tisa vya upande wa Matsangoni vilipokubali kuwa nchi moja, sheria moja.

"Siku ile tuliapa nini?" akapaza sauti.

"Hatumtoi mwana wa mwenzetu!" umati ukaitika.

Ngoma zikarindima. Waliozipiga ni vijana wa wazee wenyewe, wamejipaka mafuta wanang'aa, na Karisa, mwanawe Kaingu, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kaingu akatazama kando. Msimu wa kupalilia uliopita, askari wa serikali alimfuata shambani. Walitakwa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, vita vya Mjerumani. "Toa wako, au nionyeshe wa mwingine."

Kaingu akaegemea jembe. Alinyoosha kidole tu, nyumbani kwa Kache mjane.

Na Kache huyo hapo mbele kabisa, kakaa kitako.

"Sema, Baba Karisa, mbona wanyamaza?" akamchagiza. "Au shibe? Maana Karisa wako kanenepa! Wangu mie hata sijui kama anakula."

Wanawake wakaguna. Kaingu akajibu, "Atarudi, dada yangu."

"Haya. Wewe ndiye mwenye maneno."

Akaimaliza hotuba mbio mbio, jasho likimchuruzika mgongoni. Wakampigia vigelegele, na kila kigelegele kilimchoma kama mwiba.

Ndipo mganga Gona akasimama na kibuyu cha maji ya kiapo. Hilo Kaingu hakulitarajia.

"Mwaka huu tunaapa upya," Gona akasema. "Wazee wote tisa, kila mmoja mafunda matatu. Aliyemtoa mwana wa mwenziwe, tumbo litamfura, na jua la kesho halioni. Msemaji atanywa wa mwisho, amalize."

Wa mwisho! Kaingu akashukuru kimoyomoyo. Wanane wamtangulie, jua kali hivi, watamwachia nini? Tone. Tone atalificha shavuni, alitemee kichakani.

Mzee Mramba akaanza. Akafumba macho, koo likapanda likashuka. Masha akalaza kichwa nyuma mpaka kofia ikamwanguka. Randu akajifuta mdomo. "Tamu kama dafu!" Watu wakacheka. Mmoja hata alicheua.

Kaingu aliwaonea wivu. Watu wenye mioyo safi hao, wanakunywa kifo kama togwa. Yeye peke yake ndiye aliyeoza kati ya tisa.

Mzee wa nane akamkabidhi kibuyu, bila kumtazama usoni.

Kaingu akakipokea kwa mikono miwili. Kikamwelemea. Maji yakamwagikia vidole.

Kilikuwa kimejaa pomoni.