Mafaili Arobaini na Moja

"Leo nitamjua anayekula mshahara wa bure," mkurugenzi mpya alisema, akausukuma mlango wa chumba cha kompyuta kwa kisigino ukajifunga.

Mkononi alikuwa na barua mbili zilizokwisha kupigwa muhuri, bado majina tu. Moja ya kupandisha cheo, moja ya kufukuza kazi.

Fundi wa kompyuta akaandika amri moja kwenye skrini nyeusi. Orodha ikashuka: programu zote zinazoendelea kwenye mashine kuu ya ofisi ya ramani, nani aliyeziwasha, lini, na zimefungua mafaili gani.

"Mashine haina shemeji," mkurugenzi akachekelea. "Haya, soma."

"Karani, mafaili mawili. Mhasibu, moja."

"La nini?"

"Mchezo wa karata, bosi."

"Endelea."

"Mpimaji, mafaili arobaini na moja. Programu yake inachora ramani za viwanja. Aliiwasha siku elfu moja na arobaini zilizopita."

Mkurugenzi akavuta kiti karibu. "Bila kupumzika?"

"Haijasimama hata mara moja. Hata kuizima tunaogopa, nywila ya kuiwasha tena aliijua mwenyewe tu. Lakini bosi, huyo mpimaji..."

"Amewahi kuomba likizo?"

"Miaka hii? Hapana, ila..."

"Kulalamika?"

"Hajalalamika. Naomba niseme kitu, bosi..."

"Jibu ninachouliza! Mtu wa namna hii mnamficha, roho mbaya tu." Akajaza jina kwenye barua ya kwanza, kwa mwandiko mkubwa. Kisha akapitisha kidole kwenye skrini, juu mpaka chini. "Mama wa masjala simwoni."

"Hajapewa kompyuta. Anatunza majalada ya karatasi, na ramani zote za zamani kazihifadhi kichwani. Bosi, yule mama analea watoto watatu peke yake. Mshahara huo ndio..."

"Mashine inasema sifuri." Akajaza barua ya pili, akazitia zote kwenye bahasha. "Na hii ya mpimaji usimwachie mezani. Ipeleke mpaka kwa mkewe, naye ajue ameolewa na mwanamume wa aina gani."

Fundi hakuhitaji kutoka nje ya jengo. Alishuka ngazi hadi masjala, akamkabidhi mama bahasha zote mbili: yake ya kufukuzwa kazi, na ya marehemu mumewe ya kupandishwa cheo.