Saa ya Mahari ya Mwavita

Kisu cha kuparia samaki kiliteleza mara mbili. Mara ya tatu kifuniko cha saa kikaruka na kugonga ukuta. Amisi akachungulia ndani ya saa ya mkono kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatikisa kichwa kama daktari mkuu.

"Nimeuona ugonjwa," alisema.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba saa hiyo ya bei rahisi, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, ilichelewa dakika tano kwa siku. Mtu mwingine angeivumilia. Lakini Papa Seifu alikuwa amekubali kumwoza Amisi binti yake Mwavita, awe mke wa pili, kwa masharti ya kawaida na moja lisilo la kawaida: apewe saa ya mkono, inayotembea, Ijumaa baada ya sala. Isipokuwapo, Mwavita ataolewa na mtu wa Kabimba, ambaye saa anayo tayari. Albertville ya Kongo, mwaka 1954, ilikuwa imeendelea sana. Hata wakwe walitaka kujua wamechelewa kwa dakika ngapi.

Zabibu, mke wa kwanza, alisimama mlangoni na beseni la ndakala, dagaa wa ziwani. Mtaa mzima ulimwonea huruma, na mtaa ukikuonea huruma hukuchungulia pia.

"Papa Hidaya," alimwita mumewe kwa jina la binti yao mkubwa, "si uipeleke kwa fundi, kule sokoni?"

"Na mimi ni nani, kama si fundi?"

Hakusema uongo. Alikuwa fundi cherehani, tena mzuri, wa kutunga uzi kwenye sindano huku akipiga soga na wateja, bila hata kuangalia. Ajabu ni kwamba mikono hiyo hiyo, Jumanne peke yake, iliiangusha saa kwenye saruji mara nne.

Jioni aliiweka sikioni.

"Bado inatembea," alisema, uso umemshuka. Mafundi wakubwa ndivyo walivyo, hawaridhiki upesi.

Jumatano alichomoa kigurudumu, akakitazama kwa heshima, akakirudisha kwa kukigongagonga na mpini wa kisu. Skrubu moja ikaruka, ikapotea. Zabibu akashika ufagio. Alifagia chini ya kitanda, akafagia nyuma ya mtungi, akafagia uwanja mpaka kwenye banda la kuku. Mama Domitille, jirani, alimtazama juu ya ua wa matete na kutabasamu. Kwa maoni yake, mwanamke mwenye akili timamu hufagia skrubu kama hiyo na kuitupa mbali kabisa.

"Imekwisha?" Zabibu alimwuliza mumewe jua lilipokuwa linashuka.

"Bado. Inachechemea, lakini inatembea."

"Na siku njo imebaki moja tu."

Mama Domitille aliyasikia hayo pia, akayapeleka kisimani. Wanawake wa kisimani walikubaliana kwamba Zabibu ni mpole sana, na kwamba upole wa namna ile unatisha.

Alhamisi Amisi alikunja mikono ya shati.

"Mama Hidaya, niletee mawese."

"Mawese ndani ya saa? Mafuta ya mashine njo haya, mbele yako."

"Mafuta ya cherehani ni ya cherehani. Unajua mambo ya saa kunipita?"

Zabibu akageuka. Akaenda jikoni, akarudi na mawese, bakuli zima. Bakuli hilo lilionekana na kila aliyepita njiani, na kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika bandarini: yule mama hana maneno mengi, lakini anajua anachofanya. Amisi alichovya unyoya wa kuku, akainywesha saa mpaka ikawa nyekundu kama mchuzi. Mishale ikajikokota kidogo, ikasimama. Tangu hapo saa ile haikuchelewa tena.

Ijumaa, Papa Seifu, katika kanzu iliyopigwa pasi, aliiweka kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto. Akatazama kidole chake, akakinusa.

"Hii njo saa ao mboga?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Aliiacha mezani, akaenda zake, na kesho yake Mwavita akaposwa na mtu wa Kabimba.

Mama Domitille alikuja mbio kumpongeza jirani yake. Alimkuta ameketi kwenye kigoda jikoni, analia kilio cha kweli, kile kinachotoa makamasi.

"Unalia nini, dada? Si umeshinda?"

"Nimemushinda nani?" Zabibu alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Mimi njo nilimuchagua Mwavita. Miezi munane nimeenda kwa mama yake, nimebembeleza mpaka nikachoka. Nilitaka muntu wa kunisaidia na samaki, muntu wa kuzungumuza naye humu ndani. Papa Hidaya alikuwa anasema tu ndiyo, ndiyo. Ile visi ya saa, ile iliruka, nimeitafuta mpaka kwa kuku, Mama Domitille. Sikuiona."

Mama Domitille aliufunga mlango wa jikoni ili mtaa usisikie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakaa chini, akamshika jirani yake mkono, naye akaanza kulia.

Nje, barazani, Pascal, mume wa Mama Domitille, alimwendea Amisi aliyekuwa ameketi kando ya cherehani. Alimwekea mkono begani.

"Pole sana, ndugu yangu. Umejitahidi."

Amisi aligeuka kwanza kutazama mlango wa jikoni, kisha akashusha sauti.

"Ni ngumu ile saa, Pascal. Siku tatu nzima ilikataa kufa."